Sare ya kurudiarudia katika sataranji: kinachohesabiwa ni nini hasa?

Wengi wanaamini kwamba mchezo huwa sare pale wachezaji wanaporudia hatua zilezile mara tatu mfululizo. Sivyo. Kinachohesabiwa ni hali ya ubao: kete zilezile kwenye vyumba vilevile, zamu ya mchezaji yuleyule, na uwezekano uleule wa hatua. Ikijitokeza mara tatu, hata kwa kupishana hatua ishirini, sare inaweza kudaiwa.

Mfano mzuri ni mchezo wa tatu wa Bobby Fischer wa Marekani na Tigran Petrosian wa Muungano wa Kisovieti, Buenos Aires, 1971, katika fainali ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia Boris Spassky. Petrosian, mwenye kete nyeusi, alikuwa na hali nzuri zaidi. Baada ya hatua ya 30 ya Fischer, malkia mweusi alitoka chumba cha f6 hadi e5, akarudi. Ubao ukawa uleule kwenye hatua ya 32. Safari ya pili Petrosian alisogeza ngome, d5 hadi e5, kisha akairudisha. Hatua zilikuwa tofauti, lakini hatua ya 34 ilileta ubao uleule mara ya tatu. Sare, na nafasi ya ushindi ikapotea.

Sare hii haiji yenyewe, inadaiwa. Andika kwenye karatasi hatua itakayoleta hali hiyo mara ya tatu, usiguse kete, simamisha saa, mwite mwamuzi. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao: wanacheza kwanza, kisha wanadai, na zamu imeshahama. Dai likikosewa, mpinzani huongezewa dakika 2. Ila hali ikifika mara ya tano, mwamuzi huingilia mwenyewe na mchezo huwa sare bila dai.