Msiniulize tena kama anafaa kuigwa

Jumamosi iliyopita mama mmoja alibaki kwenye darasa langu la kuchora baada ya watoto kuondoka. Mkononi alikuwa na toleo la kwanza la komiki ya Lazarus, lile ninaloazimisha watu, limechakaa kona zote nne. "Mwalimu, samahani," akasema kwa upole kabisa, "huyu dada anaua watu hata hadithi haijaanza. Sasa binti yangu aige nini hapa?"

Nilimjibu vibaya. Swali hilo nimeshaulizwa na wazazi, na walimu wa Kiswahili, na mchungaji, na kijana anayeuza viatu soko la Kilombero hapa Arusha ambaye ni mteja wangu mkubwa wa kuazima, na hata na mchoraji mwenzangu ambaye alipaswa kujua. Yule mama alikuta kikombe kimeshajaa. Hapa naandika jibu alilostahili.

Kwa ambaye hajaisoma: Lazarus ni mfululizo wa komiki kutoka Marekani, umeandikwa na Greg Rucka na kuchorwa na Michael Lark, ulianza kutoka mwaka 2013 chini ya Image Comics. Serikali zimekwisha nguvu. Dunia wamegawana familia 16 zenye mali, na familia hizo zina wapiganaji wao waliofunzwa na kurekebishwa miili hadi wakawa silaha, mmoja kwa familia, na mpiganaji huyo ndiye anayeitwa Lazarus, yaani Lazaro. Mpiganaji wa familia ya Carlyle ni msichana, jina lake Forever. Chini ya familia wapo Watumishi, wenye ujuzi unaohitajika, hao wanalishwa na kutibiwa. Waliobaki, na ndio wengi, wanaitwa Taka. Hadithi inapofunguka Forever anapigwa risasi, anaanguka, anaamka, anawaua waliompiga. Nao walikuwa wameingia kutafuta chakula.

Sasa mtafute wa kuigwa hapo.

Najua swali linatoka wapi. Linatoka kidato cha tatu. Sote tuliokalia madawati yale tulifundishwa kumchambua mhusika kwa mtindo mmoja: taja sifa zake, sema ni bapa (habadiliki) au duara (anabadilika), kisha funga kwa "anafaa kuigwa na jamii" au "hafai kuigwa na jamii". Ukisahau kufunga hivyo, alama zimepotea. Tumetoka shuleni tukiwa watu wazima ambao hatuwezi kukutana na mtu wa kwenye karatasi bila kumpa cheti cha tabia njema.

Na mimi nimeshiriki kuijenga imani hii, ndiyo maana inaniuma. Tangu mwaka 2007 nimeishi kwa kuchora vijitabu vya elimu: malaria, UKIMWI, hedhi, kunawa mikono. Kila kijitabu kilikuwa na msichana wa mfano, sare imenyooka, daftari kifuani. Shirika moja lilinirudishia kurasa nne kwa sababu msichana wangu alikuwa amekunja uso pale mjomba wake anapomwambia aache shule. "Mpunguzie hasira, awe na matumaini," waliandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Nikafuta mikunjo, nikamchorea tabasamu, mjomba akaendelea kuongea. Kijitabu kilichapwa kikagawiwa mashuleni, na waliokisoma wakiwa watoto sasa wana watoto wao kwenye darasa langu la Kaloleni.

Mpiganaji wa kwenye distopia, yaani hadithi ya dunia iliyoharibika kama hii, hachorwi kwa kazi ile. Distopia ni hadithi ya mfumo. Mtu wa katikati amewekwa pale ili tuuone mfumo ukipita mwilini mwake: anakula nini, anamtii nani, anaambiwa uongo gani kuhusu alikozaliwa. Forever anadhani anaitetea familia yake kwa sababu ni binti yao. Usiulize kama anafaa. Uliza nani anamtuma.

Darasani nina kijana ambaye baba yake ni mlinzi. Analinda geti la nyumba kubwa kule Njiro, anarudi Unga Limited asubuhi watoto wakienda shule. Wenzake walikuwa wanabishana kama Forever ni mtu mwema au mbaya. Yeye akasema taratibu, "Huyo yuko kazini." Kisha akaeleza: baba yake aliwahi kumfukuza getini mtu anayemfahamu, wa mtaani kwao, aliyekuja kuomba kibarua, kwa sababu aliagizwa asimsogeze mtu. Alirudi nyumbani hakula. Mambo ninayozunguka nayo kwa miaka, kijana wa kidato cha kwanza aliyamaliza kwa maneno matatu.

Tuingie kwenye uchoraji wenyewe, maana watu wanadhani hukumu juu ya mhusika inatolewa na maneno kwenye viputo. Inatolewa na mahali lilipowekwa jicho. Mchore mpiganaji kutoka chini, kana kwamba anayetazama amelala vumbini: miguu inakuwa minene kama ya mbuyu, kichwa kinagusa mawingu, amekuwa sanamu ya kuabudiwa. Lipandishe jicho juu ya bega lake: upanga unaingia kwenye fremu, kile kisanduku cha picha, ukitokea upande wa msomaji, na sasa msomaji ndiye anakata. Lihamishie kwa anayekatwa: mpiganaji yule yule, pigo lile lile, amekuwa jinamizi. Hajabadilika hata unywele. Umehamishwa wewe. Nikiwa na saa mbili za kufundisha, saa moja na nusu naimalizia hapa, na bado wazazi wananiletea mjadala wa tabia zake kama vile ni mchumba anayetaka kuoa kwao.

Halafu kuna mwanya kati ya fremu na fremu. Jaribio ninalolifanya kila muhula ni hili. Fremu ya kwanza: mwanamke ameinua panga. Fremu ya pili: kuku wanakimbia. Hakuna maneno. Naomba kila mmoja aandike kilichotokea. Mmoja anasema amekata mkungu wa ndizi, umeanguka. Mwingine, amemfukuza mwizi. Mwingine, amemkata mumewe, na anaandika kwa kirefu kwa nini alistahili. Sikuchora mkungu, mwizi wala mume. Walichokiona wamekitoa kwao. Kwa hiyo mtu anaponiambia mauaji ya kwenye komiki yamemchafua, namsikiliza kwa makini, kwa sababu sehemu ya mauaji yale ameyafanya yeye, kwenye ule weupe usiozidi upana wa kijiti cha kiberiti. Anayeuliza "aige nini" hajagundua kuwa tayari ameshiriki. Ile karaha aliyoisikia tumboni ndiyo iliyokusudiwa, haina haja ya kutafutiwa dawa.

Mawili mengine yanayosemwa sana, niyapitie haraka.

La kwanza, kwamba mwanamke mpiganaji ni mambo ya Wazungu. Nduna Mkomanile, mwanamke, alinyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na viongozi wengine wa Wangoni waliopigana Vita vya Maji Maji. Wajerumani hawakumnyonga kwa kupika.

La pili, kwamba kwa kuwa Forever hafi kirahisi, hadithi haina mashaka. Hili linanishangaza zaidi likitoka kwa mtu wa Kiswahili. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi zetu, hakuingiwa na chuma chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na hakuna aliyewahi kusema utenzi wake hauna mashaka. Mashaka yalikuwa ni nani ataijua siri, na alikuwa mwanawe mwenyewe. Mtu asiyeuawa na adui, mtazame nyumbani kwake. Huko ndiko hatari ilipo, kwa Liyongo na kwa Forever. Anayeisoma Lazarus akisubiri mpiganaji mwenye nguvu kumzidi amekaa anatazama barabara wakati mwizi yuko jikoni.

Sasa yanayoninyima usingizi.

Kuna kijana mmoja, mkono wake mzuri kuliko wote niliowafundisha, amechora pigo la Forever mara tisa. Tisa. Wale wenye njaa hajawachora hata mara moja. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, hao hawana mkao." Ni kweli, hawana. Lark anachora kwa uhalisia na vivuli vizito, hapambi damu, na bado mwili unaojua kupigana ni mzuri kuutazama. Mstari wenyewe unausifia kabla akili haijasema kitu. Nimechora miaka yote hii na sijapata namna ya kuchora pigo sahihi ambalo halivutii. Huenda hadithi inasema jambo moja na wino unasema jingine, na kijana wangu anausikiliza wino.

Na kuna wasichana. Wengi wao, katika vitabu vyote walivyopitia, mwanamke aliyechorwa akitumia nguvu alikuwa amebeba ndoo. Mmoja wao alisimama mbele ya kioo cha kabati langu akajaribu mkao wa Forever: miguu imeachana, mabega yameshuka, kidevu kimetulia. Alikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa anaiga, hakuna neno jingine. Sikumkatiza, na sitaki kumkatiza, japo niliyoyaandika hapa juu yanasema kuiga si kazi ya mhusika huyu. Pengine mwili unaruhusiwa kuchukua mkao na kuuacha utii. Sina uhakika kama mtoto wa miaka 15 anaweza kuvitenganisha viwili hivyo. Sina uhakika kama mimi nilivitenganisha nilipokuwa na umri wake.

Na yule mama alikuwa sahihi kwenye jambo moja ambalo hakulisema. Binti yake ana miaka 13. Komiki ile si ya umri huo, ilinipasa niangalie kabla ya kumpa aende nayo, na nimempigia simu mama yake kumwambia hivyo. Umri ni swali la kweli, lina jibu. Sasa siazimishi toleo lolote la mfululizo ule kwa aliye chini ya miaka 16 bila mzazi kulisoma kwanza. Tulizungumza karibu nusu saa, akaniambia ameshafika toleo la tatu.

Msomaji wangu bora hajui kama amesoma komiki. Desemba nilipanda Marangu kama kawaida yetu, na bibi yangu, mzaa mama, aliikuta Lazarus juu ya meza karibu na miwani yake. Alisoma jalada herufi kwa herufi.

"Huyu ni Lazaro yupi?"

"Wa Bethania, bibi. Aliyefufuliwa. Kwa sababu huyu dada akiuawa anaamka."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani yule wa mlangoni."

Ilinichukua muda kuelewa. Luka 16. Lazaro maskini, mwenye vidonda, aliyelala mlangoni kwa tajiri akitamani makombo ya mezani, mbwa wanamlamba. Nimeisoma komiki hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nimeifundisha, nimeibishania, na sikuwahi kuwaweka Lazaro hao wawili chumba kimoja. Katika mfululizo huu jina la Lazaro limepewa anayelinda mlango wa tajiri. Aliyelala nje ameitwa Taka.

Nikamfungulia ukurasa wa kwanza, nikaanza kumweleza kwa Kichaga changu kibovu, fremu moja moja, nani ni nani. Risasi, kuanguka, kuamka. Hakushtuka nilipotarajia. Tulipofika mwisho wa tukio lile akanishika mkono nisifunue.

"Rudi nyuma."

Nikarudi. Akawatazama wale walioingia, kidole chake kikipita juu ya karatasi taratibu kama anayetafuta mstari kwenye kitabu cha nyimbo.

"Hawa walikuwa wamekula?"

"Hapana, bibi. Hawakuwahi."

Akanyamaza. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaivaa tena, akaniambia nimpe kile kitabu akishike mwenyewe.