Majalada ya upekuzi: wabunge waone nini?

Sisi wa masijala ya siri tukiulizwa kama wabunge wapewe majalada ya upekuzi, yaani uchunguzi wa uaminifu wa watumishi wa serikali, huwa tunauliza kwanza: mle ndani mna nini? Mna fomu, barua za wadhamini, na kurasa nyingi za maneno ya watu. Jirani kasema hivi, mwenzake wa ofisini kasikia vile. Mpekuzi huandika yote, kwa kuwa kazi yake ni kukusanya. Anayepima ni mwingine, baadaye.

Marekani, mwaka 1947, Wizara ya Mambo ya Nje iliwafungulia majalada yake wachunguzi wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoidhinisha matumizi. Wakatoka na muhtasari wa watu 108, wakitajwa kwa namba tu. Machi 1948 Rais Truman akazuia majalada ya uaminifu wa watumishi yasipelekwe bungeni bila ruhusa yake, lakini muhtasari ulikuwa umeshatoka. Tarehe 20 Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy alisimama kuwasomea maseneta wenzake orodha ya watu wa wizara hiyo aliowashuku ukomunisti, iliyofika namba 81. Kesi nyingi zilikuwa zile zile za 1947, tena kazitia chumvi, na hakusema kazitoa wapi. Baadhi ya waliotajwa hawakuwa hata watumishi wa wizara tena.

Kugoma kabisa nako kuna hasara, maana mropokaji hupata la kusema: serikali inaficha. Truman mwenyewe alilegeza kamba Mei mwaka huo, kamati ndogo ya Seneta Millard Tydings ikasomea majalada hayo Ikulu. McCarthy akadai yamenyofolewa kurasa!

Dai hilo karani yeyote anajua linavyozibwa: kila ukurasa unapewa namba ya folio siku unapoingia, na orodha ya folio inakaa mahali pengine.

Kwa hiyo mimi ningewaonyesha wabunge utaratibu mzima: vigezo, idadi ya waliokataliwa, nani anasikiliza rufaa. Jalada la mtu mmoja walisome wachache, wa chama tawala na wa upinzani, palepale masijala. Muhtasari usitoke, hata wa nusu ukurasa. Na mhusika ajibu kwanza, kabla namba yake haijatajwa ukumbini, kwa sababu kinga ya bunge humlinda anayesema, na aliyesemwa hana pa kushtaki.