Ameanza ARV juzi tu, mbona homa imerudi?

Maswali haya ni ya wanaoanza dawa za VVU, yaani ARV, kwenye kliniki za CTC mkoani Tanga, na ya ndugu wanaowauguza.

Mgonjwa wetu yuko wiki ya tatu ya ARV. Homa imerudi, tezi za shingo zimevimba kuliko mwanzo. Dawa zimemkataa?

Mara nyingi ni kinyume chake: dawa zinafanya kazi. Virusi vikishuka haraka, kinga iliyolala huamka na kukuta vimelea vya ugonjwa mwingine, hasa TB, hata mabaki ya vilivyokwisha kufa. Huvishambulia kupita kiasi, ndipo homa na uvimbe hutokea. Madaktari huiita IRIS. Huonekana zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 8, ingawa wengine huwatokea baadaye.

Ina sura mbili. Kuna ugonjwa uliokwisha kujulikana, mtu alianza kupata nafuu kwa dawa zake, kisha ukarudi kwa kishindo. Na kuna ule uliojificha, ukajitokeza baada ya ARV. Huo unahitaji kupimwa na kutibiwa, wala usisubiriwe upite wenyewe.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mwenye CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, chini ya 100, na zaidi chini ya 50, au mwenye TB iliyosambaa. Ukiulizwa kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kukonda, sema kweli. Anayeficha kikohozi ili apewe ARV siku hiyohiyo anajitengenezea shida ya mwezi ujao.

Mwenzangu alianza siku ileile, mimi naambiwa nisubiri. Kwa nini?

Mwenye TB ya mapafu huanza dawa za TB kwanza, ARV zikafuata ndani ya wiki 2. TB ya utando wa ubongo husubiri wiki 4 hadi 8, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wiki 4 hadi 6. Fuvu halitanuki: uvimbe ambao shingoni ni kero tu, kichwani unaua.

Tusimamishe ARV kwanza apumue?

Hapana. Virusi vitarudi, na akianza upya huenda IRIS ikaanza naye. Daktari peke yake ndiye anayeweza kusimamisha, maisha yakiwa hatarini.

Mwenye TB aangalie na hili. Rifampisini, dawa ya TB, hushusha dolutegravir, mojawapo ya ARV, mwilini, hivyo huongezewa kidonge cha dolutegravir cha mg 50, saa 12 baada ya kile cha kawaida. Hicho cha pili ni rahisi kusahaulika, hasa kwa mvuvi aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi. IRIS nayo haina kipimo chake. Daktari huifikia kwa kuondoa mengine: malaria, TB sugu, dozi zilizorukwa, mzio wa dawa. Nendeni na vidonge vyote vilivyobaki, na mitishamba kama ipo.

Amepewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, lundo zima. Si itashusha kinga?

IRIS nyepesi hutulia kwa dawa za maumivu, na tezi iliyojaa usaha huvutwa kwa sindano. Ile kali ya TB hupewa prednisoloni mg 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 2, kisha nusu yake wiki 2 nyingine. Mtu wa kilo 50 hufikia mg 75, yaani vidonge 15 vya mg 5, asubuhi baada ya kula. Ndugu wakiona kiganja kimejaa hushtuka wakapunguza. Msipunguze, kwani rifampisini huimaliza haraka mwilini.

Ni kweli inashusha kinga, kwa hiyo si ya kujinunulia duka la dawa: inaweza kushusha homa ya TB sugu huku ugonjwa ukiendelea. Mwenye saratani ya Kaposi, yaani madoa ya zambarau au meusi ngozini au kinywani, inaweza kumzidishia vibaya.

Dalili zipi hazisubiri tarehe ya kliniki?

Kichwa kinachozidi kuuma kila siku, kutapika, shingo kukakamaa, kuweweseka, degedege, kuona ukungu, kuhema ukiwa umekaa. Nendeni usiku huohuo, hospitali ya Bombo kwa walio Tanga mjini, au kituo cha karibu kwa walio Pangani na Muheza. Toeni kadi ya CTC na mtaje kwanza tarehe aliyoanza ARV. Bila tarehe hiyo ni rahisi atibiwe malaria na kurudishwa nyumbani.