Mke wa Mungu wa Amun: cheo cha wanawake wa Thebes

Mke wa Mungu wa Amun kilikuwa cheo cha kidini na kisiasa cha wanawake wa ukoo wa kifalme katika mji wa Thebes, yaani Luxor ya leo, kusini mwa Misri. Mwenye cheo hicho alihesabiwa kuwa mke wa mungu Amun hapa duniani, akaongoza ibada katika hekalu la Karnak na kumiliki mashamba, watumishi na hazina.

Uzito wake ulianza na Ahmose-Nefertari, mke wa Farao Ahmose, katika karne ya 16 KK. Hatshepsut naye alikishika kabla ya kujitwalia ufarao, kisha kikamwendea binti yake, Neferure. Hatshepsut ndiye anayetajwa sana, lakini kwa maoni yangu nguvu za kisiasa za wanawake zilijengeka kwa uthabiti zaidi karne nyingi baadaye, kati ya ya 8 na ya 6 KK, zilipokaa katika cheo chenyewe badala ya kumtegemea mtu mmoja.

Wakati huo wafalme waliishi mbali na Thebes, nao walihitaji mtu wa damu yao mjini humo. Mwana wa kiume angeweza kuanzisha ufalme wake. Binti aliyewekwa wakfu kwa Amun katika zama hizo hakuolewa wala hakuzaa, hivyo urithi ulipita kwa kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako. Shepenupet wa Kwanza, binti wa Osorkon wa Tatu, alimwasili Amenirdis, binti wa Kashta, mfalme wa Kushi katika Sudan ya leo. Jina la Amenirdis liliandikwa ndani ya duara refu la majina ya kifalme, na mali yake ilisimamiwa na wakili mkuu, Harwa.

Mwaka 656 KK Psamtik wa Kwanza, aliyetawala kutoka kaskazini, alimpeleka binti yake Nitocris Thebes. Katika maandishi ya jiwe lililosimamishwa Karnak, mfalme huyo anatamka kwamba hatamwondoa mrithi aliyekwisha kuwekwa, yaani binti wa Taharqa, mfalme wa Kushi. Nitocris akaasiliwa, na Thebes ikahama kutoka nasaba moja kwenda nyingine bila vita.

Wa mwisho, Ankhnesneferibre, aliongezewa ukuhani mkuu wa Amun, ambao kwa kawaida ulikuwa wa wanaume. Waajemi walipoiteka Misri mwaka 525 KK, cheo hicho kilikoma.