Chapa ya uru: kumtambua sonara wa Kifaransa kwa alama yake

Geuza kijiko cha fedha cha Kifaransa utazame mgongo wa mpini. Mara nyingi utakuta alama mbili ndogo zilizogongwa kwenye madini. Moja ni kichwa cha mwanamke aliyevaa chapeo. Nyingine ni kiumbo cha pembe nne kilichosimama kwa ncha, kama uru kwenye karata. Macho ya wengi huenda kwenye kile kichwa, kwa sababu kinapendeza, na wakadhani hiyo ndiyo nembo ya kiwanda. Hapana. Yule mwanamke ni Minerva, mungu wa kike wa Warumi, na ni alama ya serikali. Aliyekitengeneza kijiko yumo ndani ya uru.

Alama hiyo ya uru Wafaransa huiita poinçon de maître, yaani chapa ya fundi mkuu. Sisi tuiite chapa ya sonara. Ni sahihi ya lazima: anayetengeneza kitu cha fedha au dhahabu huigonga, ili siku madini yakigundulika yamechakachuliwa, ajulikane wa kuulizwa. Desturi hii ni ya zamani. Tangu amri ya mwaka 1355, enzi za mfalme Jean le Bon, masonara walitakiwa wawe na alama zao wenyewe. Umbo la uru lenyewe lilikuja baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, kwa sheria ya 9 Novemba 1797, na ndilo linalotumika hadi leo.

Ndani ya uru kuna vitu viwili: herufi za mwanzo za jina na kimchoro. Hapo kwenye kimchoro ndipo penye siri. Herufi peke yake hazikufikishi mbali, maana mafundi wenye herufi kama E na P wamepita wengi. Kimchoro ndicho kinachomtenga mmoja na mwenzake, na Wafaransa wenyewe hukiita différent, kitu cha kutofautisha. EP pamoja na kijisu cha kukunja ni Puiforcat wa Paris. EP pamoja na kitu kingine ni mtu mwingine kabisa, hata kama muuzaji anakuapia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Martin-Guillaume Biennais. Alianza kama fundi wa vitu vidogo vya mbao na pembe, na kwa kanuni za vyama vya mafundi vya wakati ule hakuruhusiwa kufua fedha. Vyama vilipovunjwa mwaka 1791, mlango ukafunguka. Duka lake lilikuwa mtaa wa Saint-Honoré, Paris, na kibao chake kilichorwa kima wa zambarau. Basi alipojisajili, ndani ya uru akatia B na kima. Huyu ndiye aliyekuja kumtengenezea Napoleon taji la majani ya dhahabu alilovaa siku ya kutawazwa mwaka 1804. Ukiona kima mdogo juu ya B kwenye kisanduku cha safari cha afisa wa enzi hizo, moyo lazima ushtuke kidogo. Jean-Baptiste-Claude Odiot, mshindani wake, alitumia taa ya mafuta ya kale.

Kabla ya Mapinduzi hakuna uru. Chapa ya sonara wa Paris ilikuwa ndefu: taji juu, ua la yungiyungi la kifalme chini yake, kisha herufi, kimchoro, na nukta mbili. Hizo nukta si pambo. Zinasimama badala ya punje mbili, ule upungufu mdogo wa usafi wa fedha ambao fundi alisamehewa. Thomas Germain, sonara wa mfalme Louis XV, aliweka TG na ngozi ya kondoo dume inayoning'inia. Mwanawe François-Thomas akarithi ile ngozi na kuongeza herufi moja tu: FTG. Ukisoma haraka utamtaja baba kwa kazi ya mwana. Vitu vya fedha vya kabla ya Mapinduzi ni adimu kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa hata kabla ya akina Germain mfalme Louis XIV aliamuru vyombo vya fedha viyeyushwe mwaka 1689, na vikayeyushwa tena mwaka 1709, ili kugharimia vita.

Chapa ya sonara inakupa jina. Umri na usafi wa madini unaupata kwenye alama za serikali zilizo jirani yake, na ndiyo maana hizi mbili husomwa pamoja. Minerva alianza mwaka 1838: kwenye vitu vya zamani, akiwa na namba 1, fedha ni sehemu 950 kati ya 1,000, akiwa na namba 2, ni 800. Kwenye dhahabu ya karati 18 utakuta kichwa cha tai, nacho ni cha tangu 1838. Bundi ni dhahabu iliyotoka nje ya Ufaransa au isiyojulikana ilikotoka, na fukusi pia ni alama ya kitu kilichotoka nje. Naam, fukusi yuleyule wa mahindi. Wauzaji wa mtandaoni huandika "chapa ya Tai" kana kwamba Tai ni kampuni. Tai hakutengeneza chochote, amethibitisha tu.

Kwenye vito kazi ni ngumu zaidi. Uru yenyewe inaweza kuwa ndogo kuliko punje ya mchele, imegongwa upande wa nje wa pete ambako imesuguliwa miaka hamsini, au kwenye ulimi wa kifungo cha mkufu. Tumia lenzi ya kukuza mara 10, leta mwanga kutoka ubavuni na si kutoka juu, kisha zungusha kitu polepole. Kimchoro kilichokuwa doa tu kitainuka chenyewe.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu: jina lililo kwenye boksi si lazima liwe jina lililo kwenye uru. Maduka makubwa ya Paris yalikuwa yakiagiza kazi kwenye karakana za watu wengine. Georges Lenfant, bingwa wa minyororo ya dhahabu, aliwafanyia kazi Cartier, Hermès na Van Cleef & Arpels. Bangili kama hiyo inaweza kuwa na jina la duka limechorwa waziwazi, na uru ya karakana imejificha pembeni. Hilo si kosa wala si dalili ya bandia. Binafsi naona ni kinyume chake: uru inayolingana na karakana iliyojulikana kulifanyia kazi duka hilo ni ushahidi mzuri kuliko jina lenyewe, kwa sababu jina kila mwizi anajua kuliandika.

Uthibitisho wa mwisho uko kwenye daftari. Kila sonara aligonga chapa yake kwenye bamba la shaba lililotunzwa kwenye ofisi ya serikali, na akaandikishwa jina na anwani. Akifa au akiacha kazi, chapa inafutwa. Kwa hiyo kila uru ina mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na kijiko kinachodaiwa kuwa cha 1820 huku uru yake ikiwa imesajiliwa 1860 kimejisema chenyewe.

Na kama kiumbo ni cha mraba, kimekaa kwa ubavu na hakikusimama kwa ncha, usihangaike kumtafuta Minerva. Mraba ni alama ya vyombo vilivyopakwa fedha juu tu. Fundi utampata, tena huenda ni mwenye jina kubwa, lakini chini ya ile fedha kuna madini mengine.