Je, wajua kwa nini utando wa kitunguu hutiwa iodini kabla ya kutazamwa kwa hadubini?

Mwanafunzi anayeitumia hadubini kwa mara ya kwanza katika maabara ya shule ya sekondari hapa Tanga huamini kwamba kazi ya chombo hicho ni kukuza tu, na kwamba kadiri kitu kinavyokuzwa ndivyo kinavyoonekana vizuri zaidi. Akiuweka utando wa kitunguu kwenye slaidi kwa tone la maji matupu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ukuzaji wa mara 400, yaani lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi ya chini ya mara 40, mara nyingi huona weupe uliopitiwa na mistari hafifu. Seli ya kitunguu si ndogo kiasi hicho. Urefu wake mara nyingi hufika robo ya milimita au zaidi. Kinachokosekana ni tofauti kati ya seli na maji yaliyoizunguka.

Hadubini ya mwanga hupitisha mwanga ndani ya kitu kutoka chini kwenda juu, na ndiyo sababu hutakiwa utando mwembamba wenye tabaka moja la seli. Mwanga huo ukifyonzwa mahali fulani, mahali hapo huwa na giza au rangi. Ukipindwa, kingo za kilichoupinda hujitokeza. Usipofyonzwa wala kupindwa, jicho halina cha kushika. Sehemu kubwa ya seli ni maji. Mwendo wa mwanga hewani ni mara 1.33 ya mwendo wake majini, na ni takriban mara 1.36 ya mwendo wake ndani ya saitoplazimu, yaani ute uliomo ndani ya seli. Tofauti hiyo ni ndogo mno, hivyo mwanga hupita katika seli karibu kama unavyopita katika maji.

Kiputo cha hewa hutoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Kioo cha kufunikia kikiangushwa bapa badala ya kulazwa taratibu kuanzia ukingo mmoja, hewa hunaswa chini yake, na kila kiputo huonekana kama duara lenye mzingo mweusi mnene. Wanafunzi wengi huyachora maduara hayo kwa bidii wakidhani ni seli. Yanaonekana waziwazi kuliko seli zenyewe kwa sababu hewa na maji hutofautiana sana katika kuupinda mwanga. Robert Hooke naye, aliyezipa seli jina hilo mwaka 1665 alipochunguza kipande cha gome la mti liitwalo koki, alikuwa akitazama kuta za seli zilizokufa, zilizojaa hewa; hakuhitaji rangi yoyote.

Iodini, basi, huleta tofauti ambayo seli haina. Hujishika zaidi kwenye kiini, kikawa kidoa cha manjano-kahawia, mara nyingi kimesukumwa pembeni na vakuoli kubwa, yaani kifuko cha majimaji kilicho ndani ya seli. Asishangae anayekumbuka somo la kupima chakula, ambako iodini hugeuka bluu-nyeusi: rangi hiyo ni ya wanga, na kitunguu hakiweki akiba yake kwa namna ya wanga. Kiazi ndicho kitakachoionyesha.

Vitunguu vingi vya sokoni kwetu ni vyekundu, na hapa kuna jambo ninalolipenda sana. Bandua ngozi ya upande wa nje wa gamba, ile yenye rangi ya zambarau, uitazame bila iodini: utaona seli zilizopangana kama matofali, kwa kuwa rangi ya asili imo ndani ya vakuoli. Utando wa upande wa ndani hauna rangi, na huo ndio unaohitaji iodini.

Iodini ikikosekana, rudi kwenye ukuzaji wa mara 100, kisha punguza uwazi wa kiwambo kilicho chini ya meza ya hadubini. Walio wengi hukifungua chote wakitaka mwanga mwingi, nao mwanga huo ndio unaozifuta kingo za seli.

Kuna pia vitu vilivyomo katika mimea ambavyo hujionyesha vyenyewe. Mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, una utomvu unaowasha ngozi, kama ajuavyo kila aliyewahi kukata majani yake. Dondosha tone la utomvu huo kwenye slaidi, ukiwa umevaa glavu, ulifunike na kulitazama kwa ukuzaji wa mara 100. Ndani yake mna sindano nyembamba zilizochongoka ncha zote mbili, nyingine zikiwa bado zimefungana kama matita ya kuni. Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, zinazoupinda mwanga kuliko maji. Nazo ndizo zinazoichoma ngozi ya mkataji.