Thamani Kamili ni Umbali: Soma Mlinganyo Kabla ya Kuufungua

Nafundisha hisabati sekondari hapa Moshi, na kila tunapofika kwenye thamani kamili naona wanafunzi wazuri kabisa wakipoteza alama kwenye maswali wanayoyaweza. Wamekaririshwa kanuni moja: ukiona ile mistari miwili ya wima, iondoe, upande wa pili weka jumlisha na toa, halafu endelea. Mara nyingi kanuni hiyo inafika. Lakini aliyeikariri bila kujua ilikotoka hawezi kujua ni wapi itamwangusha.

Alama |x|, yaani thamani kamili ya x, ilianza kutumiwa na Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841. Inauliza jambo moja tu: x iko umbali gani kutoka sifuri kwenye mstari wa namba? Ndiyo maana |7| ni 7, na |−7| pia ni 7. Umbali hauwi hasi.

Darasani huwa natumia barabara yetu. Mtu akikupigia simu kwamba yuko barabara kuu, kilometa 25 hivi kutoka Moshi mjini, bado hujui umfuate wapi. Huenda yuko Bomang'ombe, upande wa Arusha, au yuko Himo, upande wa kwenda Dar es Salaam. Umbali ni ule ule, pande ni mbili, na hapo ndipo majibu mawili yanapotoka.

Sasa chukua |x − 3| = 5. Usikimbilie kalamu. Soma: x iko hatua 5 kutoka 3. Simama kwenye 3, hesabu tano kwenda kulia, upo 8. Rudi kwenye 3, hesabu tano kwenda kushoto, upo −2. Umemaliza. Kwa aljebra ungegawanya kesi mbili, x − 3 = 5 au x − 3 = −5, na ungepata hayo hayo.

Ukikuta 2|x + 4| − 6 = 8, kwanza ibakize thamani kamili peke yake. Jumlisha 6 pande zote, gawa kwa 2, unapata |x + 4| = 7. Hapa wengi huweka kituo, yaani pale unaposimama kuhesabu, kwenye 4, kumbe x + 4 ni x − (−4), kwa hiyo kituo ni −4. Majibu ni 3 na −11. Anayegawanya kesi kabla ya kusafisha upande wa kushoto hujitafutia makosa ya bure, na namwomba kila mwalimu mwenzangu alikazie hili ubaoni. Tena, ukisafisha kwanza, swali kama |x| + 3 = 1 linajieleza lenyewe: linakuwa |x| = −2, na hakuna umbali wa namna hiyo.

Kuna swali ninalolipenda sana: |x − 2| = |x − 8|. Linatafuta namba iliyo mbali na 2 sawasawa na ilivyo mbali na 8. Ni 5, katikati yao. Hata anayeiogopa aljebra hulijibu hili kichwani, na uso wake hubadilika.

Penye matatizo makubwa ni pale x inapokuwepo pia nje ya mistari. Tazama |x − 4| = 2x + 1. Kesi ya kwanza, x − 4 = 2x + 1, inatoa x = −5. Kesi ya pili, x − 4 = −(2x + 1), inatoa x = 1. Mwanafunzi anaandika yote mawili, anapiga mstari, anageuza ukurasa. Rudisha −5 kwenye swali: kushoto ni 9, kulia ni −9. Haliingii. Rudisha 1: kushoto 3, kulia 3. Jibu ni 1 peke yake.

"Mwalimu, mbona hesabu zangu ziko sawa na jibu halikubali?" Swali zuri, na linastahili kujibiwa vizuri. Tulipogawanya kesi, tulichukulia kwamba 2x + 1 ni umbali, yaani si hasi, lakini hatukuandika sharti hilo popote. Kesi mbili zile zile ndizo tungezipata kama swali lingekuwa |x − 4| = −(2x + 1). Majibu ya milinganyo yote miwili yametoka pamoja, na −5 ni la huo mwingine: weka uone, 9 na 9.

Kwa hiyo nawataka wanafunzi waandike sharti kabla ya kuanza: 2x + 1 ≥ 0, yaani x ≥ −½. Ni mstari mmoja tu wa daftari. Jaribu na |3x − 2| = x − 6. Sharti ni x ≥ 6. Kesi zinatoa −2 na 2, na yote yanaanguka. Andika "hakuna jibu". Usiandike sifuri, maana sifuri ni namba, na ukiiweka hapo unapata 2 = −6.